Mume Wangu Aliniita Mwizi wa Sola

"Mwizi mnayemtafuta nalala naye mimi."

Hayo ni maneno ya mume wangu. Aliyasema saa tano asubuhi, kwenye mkutano wa kikundi, mbele ya watu wasiopungua sitini, kidole chake kimeninyookea mimi.

Mimi. Mama wa watoto wake watatu.

Nilikuwa nimekaa mbele kwenye kiti cha katibu, daftari la kikundi mapajani. Watu wakageuka wote kuniangalia. Nilitaka kusimama nijibu, nikawahiwa.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kama mwenye mke amesema, sisi ni nani tubishe?"

Ndugu zangu wa humu, nimeshaonewa maishani, lakini ile ya siku ile... acheni tu.

Sasa mniruhusu nirudi nyuma kidogo, maana nikisimulia kwa hasira mtapotea njia. Na simu yangu ina chaji asilimia kumi na nne, kwa hiyo sitazunguka.

Naitwa Redempta. Naishi huku upande wa Mtinko, Singida. Tunalima alizeti na mtama, tunafuga. Mume wangu anaitwa Calist, ila mimi namwita Baba Ritha kwa jina la binti yetu wa kwanza.

Tuna kisima kirefu ambacho kikundi chetu kinakitumia kunyweshea mifugo. Kaya ishirini na nane. Maji yanapandishwa kwenye tenki, yanashuka birikani, ng'ombe wanakunywa. Kitu rahisi kabisa kukieleza. Kukifanya ndiyo shughuli.

Zamani tulikuwa na injini ya dizeli. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, lambo limekauka, kila mtu anategemea kisima, injini ikafa. Mafuta tulikuwa tunayafuata Mtinko kwa boda na madumu, halafu spea ikabidi isubiriwe siku tisa. Tulichuna ngozi za ng'ombe waliokufa wiki ile mpaka visu vikawa butu.

Ndipo tukakubaliana kila kaya itoe mnyama mmoja, auzwe mnadani, tununue kitu kipya cha kusukuma maji.

Kitu gani sasa? Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Clement, rafiki mkubwa wa mume wangu, alitaka dizeli tena.

"Dizeli unaisikia," alisema. "Ikinguruma unajua inafanya kazi. Sola imekaa kimya pale juu, utajuaje kama inafanya kazi au imelala?"

Mzee Hezekia, mwenyekiti wetu, alitaka mashine ya upepo.

"Upepo wa hapa unang'oa mabati ya kanisa," alisema. "Utashindwa na pampu?"

Wengine wakataka umeme wa nguzo. Nguzo ya mwisho inaishia shuleni, kilomita nne kutoka kisimani, kwa hiyo hilo halikufika mbali.

Mimi nikasema sola. Jua la huku halinunuliwi, halifuatwi na boda, na miezi ambayo ng'ombe wana kiu zaidi ndiyo miezi ambayo linawaka zaidi. Niliona ni jambo lililo wazi.

Wakabishana mpaka Mzee Hezekia akachoka.

"Katibu, wewe ndiye uliyefika kidato cha nne," akaniambia. "Tafuta fundi anayejua hivi vitu vyote, atushauri."

Nikampata Nathan, fundi wa pampu kutoka Singida mjini. Kijana mpole, haongei sana, anapenda kuandika. Siku aliyokuja nilimkalisha kisimani nikamuuliza swali ambalo nyote mngeliuliza.

"Fundi, tuchukue sola au dizeli?"

"Dada, hilo ni swali la mwisho," akasema. "Kisima kina urefu gani?"

Nikamwambia.

"Tenki liko juu kiasi gani?"

Nikamwonyesha.

"Wanakunywa ng'ombe wangapi kwa siku?"

Hapo nikanyamaza.

Wenzangu wa Singida mnajua kwa nini nilinyamaza. Kwa wale wa mbali, ngoja niwaambie. Huku humuulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumuuliza mtu wa mjini benki kuna kiasi gani. Atakujibu, tena kwa tabasamu, ila alichojibu anakijua mwenyewe.

Nathan akaniangalia.

"Dada, pampu haijui sola wala dizeli. Inajua lita. Usiponiambia wanaokunywa, chochote nitakachokufungia ni kubahatisha."

Basi nikachukua daftari. Nikapita kaya moja moja, siku nne, jua la Singida linanichoma utosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, katibu."

"Nahesabu ng'ombe kwa ajili ya pampu. Wa kwako wangapi?"

"Wa kwangu? Sita tu, mwanangu."

Zizini wamejaa. Mimi naona kwa macho yangu wamejaa. Lakini amesema sita, na utanishikia fimbo nimwambie mzee wa watu ni mwongo? Nikaandika sita.

Nikafika kwa Clement. "Kumi." Nikaandika kumi.

Nikafika kwa Lea, shoga yangu, mjane anayetunza ufunguo wa kisima. "Wanne." Nikaandika wanne, nikapiga soga kidogo, nikaondoka.

Nikafika kwangu. Baba Ritha alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Sisi tuna kumi na wawili," alisema bila kuinua kichwa. "Unawajua wote."

Nikaandika kumi na wawili.

Jumla ikaja mia moja themanini na sita, mbuzi na kondoo wakiwa na ukurasa wao. Nikampa Nathan. Akapiga hesabu ya lita, akaongeza kidogo kwa usalama, akasema sola inatosha vizuri. Mzee Hezekia akamuuliza habari za upepo.

"Upepo mnao, mzee, sikatai," Nathan akasema. "Ila mashine ikiharibika kule juu ya mnara, nani wa hapa atapanda?"

Mzee akawaza, akacheka, akakubali sola.

Mwezi wa sita tukafungiwa. Aisee, ilikuwa raha. Asubuhi jua likitoka, pampu inaanza yenyewe. Saa sita tenki limejaa, maji yanamwagika. Watu walikuwa wanakuja kuangalia tu. Hata Clement alikuja, akasimama, akaweka sikio kwenye bomba.

"Kumbe inafanya kazi," akasema.

Nilitembea kifua mbele miezi mitatu mizima. Katibu wa sola. Wanawake wenzangu wananipisha njia.

Halafu ukaja mwezi wa kumi.

Lambo likakauka. Vijito vikakauka. Kila mwanakikundi aliyekuwa ananywesha kwingine akahamia kisimani. Saa nne asubuhi tenki liko tupu. Pampu inasukuma, ng'ombe wanalamba maji yakiwa bado bombani. Wale waliofika saa saba walikuta tope.

Siku ya kwanza watu wakanung'unika. Siku ya tano wakaanza kusukumana birikani na fimbo. Siku ya kumi na moja maksai wa Mzee Hezekia alianguka pale pale karibu na birika, akakataa kuinuka.

Na kila aliyekosa maji alikuja kwangu.

"Katibu, sola yako imezingua."

"Katibu, wewe si ulisema jua halinunuliwi?"

Ikawa sola yangu. Mwezi wa sita ilikuwa sola yetu, mwezi wa kumi ikawa yangu peke yangu. Nilikuwa naenda kisimani najifunga kanga usoni ili nisiulizwe.

Ndipo ukaitishwa ule mkutano wa Jumatano.

Clement alisimama akasema paneli ni ndogo, kwamba katibu na fundi walikubaliana walete ndogo, tofauti wakagawana. Akataka sola ing'olewe, iuzwe, tununue dizeli haraka kabla mifugo haijaisha.

Nikasema, "Mimi nimeleta kile fundi alichoandika. Karatasi hizi hapa."

Mzee mmoja akatoa wazo zuri. Akasema, "Kwa nini tusiwahesabu upya wanaokunywa? Labda wamezaana."

Watu wakacheka kidogo. Na hapo hapo, kabla wazo la mzee halijajibiwa na yeyote, mume wangu akainuka.

"Hakuna haja ya kuhesabu ng'ombe wa watu. Mwizi mnayemtafuta nalala naye mimi."

Mkutano ukaisha kwa uamuzi mmoja. Jumatatu sola inang'olewa, na katibu ataletwa mbele ya serikali ya kijiji ajibu hela zilikwenda wapi.

Tukarudi nyumbani njia moja, yeye mbele, mimi nyuma.

"Baba Ritha, umenifanyia nini?"

Akaongeza mwendo.

"Nakuuliza. Umeniona lini na hela ya kikundi?"

"Nimesema ninachokijua."

"Unajua nini?"

"Unakijua mwenyewe."

Ndiyo jibu nililopewa. Unakijua mwenyewe. Nikapika ugali, nikaweka mezani, nikaenda kukaa nje. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo haina pa kutokea.

Kesho yake nikampigia Nathan. Akaja na pikipiki, akaleta kifaa chake cha kupimia. Alisubiri kisimani kutoka asubuhi mpaka jua likapoa, anapima, anaandika, hasemi.

"Haya, niambie," nikasema. "Sola ni feki?"

"Sola ni nzima. Inatoa lita nilizokuahidi, na zaidi kidogo."

"Sasa maji yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda tumboni, dada. Wanaokunywa hapa siyo mia moja themanini na sita."

"Na dizeli ingetosha?"

Akatikisa kichwa.

"Kwa hesabu uliyonipa, ningekufungia dizeli ndogo vile vile. Mngechoma mafuta mara mbili ya mlivyopanga, halafu mngesema dizeli ni mbaya. Nenda kahesabu."

Lakini nitahesabuje? Nikikaa birikani na daftari, watu wataniponda mawe. Nikawaza siku nzima. Ijumaa jioni nikiwa napukuchua mahindi, jibu likaja lenyewe.

Jumamosi nilifika birikani alfajiri na ndoo mbili. Moja ina mahindi, nyingine tupu. Nikakaa kando kama mtu anayechambua mahindi yake. Kila ng'ombe aliyeinamisha kichwa kunywa, punje moja ikahama ndoo. Sikutaja namba kwa mdomo. Sikumwangalia mchungaji usoni.

Lea alikuja kukaa na mimi.

"Unafanya nini?" akanong'ona.

"Nachambua mahindi."

Akatazama ndoo, akatazama birika, akaelewa.

Kila zizi lilizidi. Yule mzee wa sita alikuja na kumi na watano. Clement wa kumi alikuja na ishirini na mmoja. Hata wa Lea walizidi.

Na hapo kwa Clement nikaona kitu kingine.

Kila kaya huku ina alama yake ya sikio. Ya kwa mume wangu ni ncha ya sikio la kushoto kukatwa, na tundu moja chini yake. Naijua vizuri kwa sababu nimeshika kamba mara nyingi ndama wakikatwa.

Nikaona ng'ombe mwekundu kwenye kundi la Clement. Ncha ya kushoto hakuna. Tundu lipo.

Nikasema labda nimeona vibaya. Nikaona wa pili. Wa tatu... Wakafika saba.

Saba wenye alama ya nyumba yangu, wanapelekwa na mchungaji wa Clement.

Sikuangalia tena vichwa tu, nikaanza kuangalia na masikio. Wa Mzee Hezekia walipokuja, nikakuta watano. Kwenye makundi mengine mawili, saba.

Kumi na tisa. Mume wangu alikuwa na ng'ombe kumi na tisa ambao mimi mkewe sikuwajua.

Huku ni kawaida mtu kumpa mwenzake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji anapata maziwa na samadi, mwenye mali anapata usalama, ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi wote. Sio dhambi. Lakini mkeo humwambii? Nimelala kitanda kimoja na mtu miaka kumi na minne, kumbe ana mali inayotembea kijiji kizima isipokuwa kwangu.

Nyie mnaosoma najua mnachowaza. Nami niliwaza hivyo hivyo. Kuna mwanamke. Ng'ombe kumi na tisa anawaweka mtu pembeni kwa sababu gani, kama sio mahari?

Na ndipo nikaelewa kwa nini alisimama pale mkutanoni. Mzee wa watu aliposema wahesabiwe, alishtuka. Akaona bora mimi niitwe mwizi kuliko masikio ya ng'ombe wake kuangaliwa.

Jioni Nathan akaja tena na pikipiki yake, akanisaidia kuhesabu punje. Mia tatu arobaini na moja.

Jumapili sikuongea na mtu. Nilikwenda kanisani, nikarudi. Baba Ritha akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia, "Naumwa Jumatatu."

Jumatatu walikuja na spana na ngazi. Clement ndiye alibeba ngazi. Nikasimama mbele ya nguzo za paneli nikiwa na ndoo yangu ya mahindi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Katibu, sogea watu wafanye kazi."

"Nitasogea. Ninaomba niongee kidogo kwanza."

Mzee Hezekia ana mengi lakini ni mtu wa haki. Akawanyamazisha.

Nikafungua daftari. "Mliniambia wenyewe, kaya kwa kaya, jumla ni mia moja themanini na sita." Nikaimwaga ile ndoo juu ya turubai. "Jumamosi walikuja kunywa hawa. Mia tatu arobaini na moja. Anayebisha akae ahesabu punje."

Hakuna aliyekaa.

"Fundi alifunga sola ya ng'ombe mlionitajia," nikasema. "Hawa wengine wametoka wapi? Nani alinidanganya?"

Halafu Mzee Hezekia akakohoa.

"Hakuna aliyekudanganya, binti. Uliniuliza wa kwangu wangapi. Nikakutajia wa kwangu. Hao wengine zizini ni wa watu."

"Na hao watu nilipowauliza?"

"Walikutajia walio zizini mwao."

Mtunzaji anasema sio wangu. Mwenye mali anasema hawapo kwangu. Ng'ombe mia moja hamsini na tano wamepita katikati ya midomo miwili, hakuna aliyewataja, na hakuna aliyesema uongo. Halafu mwizi ni mimi!

Hasira ikapanda. Nikasahau heshima ya ndoa.

"Basi nitawataja mimi," nikasema. "Saba wako kwa Clement. Watano kwako wewe, mwenyekiti. Saba kwenye makundi mengine mawili. Wote sikio la kushoto halina ncha. Baba Ritha, simama uwaambie watu hao ni wa nani. Na uwaambie unawatunza kwa ajili ya mwanamke gani."

Watu wakaguna. Clement akaweka ngazi chini.

Calist akainuka taratibu. Nilitegemea agombe. Hakugomba. Aliniangalia kama mtu aliyechoka.

"Ni wa kwangu," akasema. "Wote kumi na tisa."

"Mmesikia," nikawaambia watu.

"Sasa na wewe sema," akaendelea. "Wale mitamba watatu kwa Lea ni wa nani?"

Ndugu zangu...

Hili sikuwa nimewaambia. Nilitaka mpaka hapa muwe upande wangu.

Ni wa kwangu. Niliwanunua kwa alizeti yangu mwaka juzi, baada ya Baba Ritha kuuza ng'ombe wangu wa maziwa bila kuniuliza ili amalizie mahari ya mdogo wake. Niliapa hatauza tena kitu changu. Nikampa Lea anitunzie. Na siku ile nilipopita na daftari, Lea aliposema wanne, niliandika wanne nikijua wako saba. Katibu mwenyewe. Mkononi kalamu yangu mwenyewe.

"Ulijuaje?" nikamuuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Lea ni mjane ana ekari moja ya mtama. Atatoa wapi mitamba watatu?" Akanigeukia. "Nilijua siku ile ile ulipowapeleka. Nikajua unajipanga kuondoka. Mwanamke anayeweka mali nje anajiandalia pa kwenda. Ndipo na mimi nikaanza kununua ndama na kuwaweka kwa watu, ili siku ukiondoka hao wasiwe kwenye mgawo."

"Kwa hiyo uliniita mwizi..."

"Nilikuita mwizi kwa ajili ya mitamba. Sola nimeitumia tu."

Alivyolisema mbele za watu, hata yeye aliona aibu, akaangalia chini. Mimi nilitaka kumpiga na ndoo. Nilitaka pia kukaa chini nilie. Miaka miwili tumefichana ng'ombe, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na wote hao wanakuja kunywa birika moja kila siku, wanapita mbele ya macho yetu.

Mzee Hezekia ndiye aliyetuokoa.

"Mambo ya ndoa mtayamaliza nyumbani," alisema. "Clement, rudisha ngazi. Sola haing'olewi. Katibu sio mwizi. Sisi ndio hatukusema."

Nathan, niliyekuwa nimemwomba aje siku hiyo, akaeleza kwamba kisima kina maji ya kutosha, kinachotakiwa ni pampu kubwa zaidi na paneli za kuongeza. Kwa sasa makundi yanywe kwa zamu, nusu leo, nusu kesho. Kila kaya ikakubali kutoa mnyama tena. Safari hii hakuna aliyesema ana sita tu.

"Fungua ukurasa mpya," Mzee Hezekia akaniambia. "Andika kila anayekunywa hapa, awe wa nani, awe kwa nani. Anza na wa kwako."

Nikaandika. *Redempta, mitamba watatu, kwa Lea.* Nikasoma kwa sauti, kila mtu akasikia.

Nikampa mume wangu kalamu aandike wa kwake walio kwa watu. Akainama, akaandika polepole, maana kalamu sio kazi yake. Nikasoma alichoandika, nikakuta namba sio kumi na tisa. Ni ishirini na saba.

"Baba Ritha, mimi niliona kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Hawa wanane wako wapi?"

Akajikuna shingo.

"Kwa baba yako. Kinyangiri."

Nilidhani sijasikia. Baba yangu mzazi, ambaye naongea naye kwa simu kila Jumapili.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipowapeleka wale watatu kwa Lea. Niliona ukiondoka utakwenda kwenu. Mtu mwenye ng'ombe wangu wanane zizini hawezi kukaa na wewe kimya. Angekurudisha."

Wanawake waliokuwa karibu wakaziba midomo. Mzee Hezekia akageukia upande mwingine, mabega yanacheka.

Mimi sijui hata nilihisi nini. Nilikuwa na hasira naye, bado ninayo mpaka sasa ninapoandika. Lakini macho yalinijaa maji, nikainamisha kichwa kwenye daftari ili asione.

"Hao wanane futa," nikamwambia. "Hawanywi hapa."

Akafuta. Akaandika kumi na tisa.

Haya, chaji imebaki asilimia tatu. Wale mnaojiandaa kuja inbox kuniuliza mchukue sola au dizeli ya kunyweshea mifugo, msije. Nenda ukakae birikani kwako, mwezi wa kumi, ukiwa na ndoo ya mahindi, uone kwa macho yako wanaokunywa. Na kabla hujanyanyua punje ya kwanza, wataje wa kwako uliowaficha.